Shimo la Kumi na Nane

Sikukiona kikombe. Mama yangu mdogo, Bi Ancha, alikuwa amekishika kwa mikono miwili, chai bado inafuka, aliponiuliza iwapo jina lake limo katika orodha ya wazee, nami nikamjibu kwa furaha, "Umo, mama. Wewe ni wa tatu." Akakiweka chini bila kunywa. Jambo hilo nilikuja kulikumbuka siku saba baadaye, ushahidi uliponilazimisha. Siku yenyewe, Alhamisi ya pili ya Agosti mwaka 1972, niliona mwanamke mzee aliyechoka, nikamuaga, nikarudi Palma kwa baiskeli ya serikali nikiwa nimeridhika na kazi yangu.

Kazi yangu ilikuwa ukalimani. Administrador, mkuu wa serikali ya Kireno hapo Palma, aliposema kwa Kireno, mimi nilisema kwa Kiswahili. Watu walipojibu kwa Kiswahili, nilisema kwa Kireno. Nilikuwa nimesoma misheni miaka tisa, na nilijivuna kwamba baina ya lugha hizo mbili hakuna neno lililopata kunidondoka.

Jumatatu iliyofuata, alfajiri, wazee wote kumi na saba wa orodha ile walitoweka Mnengele. Mzee wa kumi na nane, Issufo, ambaye hakuwamo katika orodha, alikutwa amefukiwa shimoni nje ya waya. Askari walimkamata Buanali, mchimba makaburi wa kijiji, akitoka upande wa mashimo na jembe begani.

Mnengele kilikuwa kijiji cha waya. Vita vilipokaribia pwani, serikali iliwaondoa watu kwenye minazi yao, ikawaweka pamoja ndani ya seng'enge, penye mlango mmoja na askari wa zamu. Minazi ilibaki upande wa pili, ikishuka hadi ufukweni. Huko ndiko mhandisi wa mradi mpya alikochimbisha mashimo kumi na nane.

Mpelelezi aliletwa kutoka Porto Amélia siku ya Jumanne. Aliitwa Faustino, mtu mweusi wa Quelimane, mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, asiyejua Kiswahili hata cha kuombea maji. Alinipa mkono kabla ya kumpa sajini wa askari wa Mnengele, jambo ambalo sajini hakulisahau.

"Tuna hadi Ijumaa," aliniambia njiani. "Saa tatu asubuhi ndege ya polisi wa siasa itatua. Wakimkuta Buanali hana maelezo, wataondoka naye."

"Kisha, senhor agente?" nilimwuliza, nikimwita bwana mpelelezi kwa Kireno.

"Umewahi kumwona mtu aliyerudi kutoka kwao?"

Sikuwahi.

Shimo lilikuwa wazi. Askari walikuwa wamelifukua Jumatatu hiyo hiyo, wakamfunua maiti hadi kifuani ili wamtambue, kisha wakamwacha hivyo, na turubai juu yake. Sajini alisimama ukingoni akisimulia kama mtu aliyekwisha kuandika ripoti yake.

"Waasi waliingia, wakawachukua wazee. Huyu mmoja alikataa kwenda, wakamuua. Buanali ndiye aliyewafungulia."

"Waya ulikatwa?" Faustino aliuliza.

"Ulifunguliwa. Fundo moja moja."

"Na sasa?"

"Umefungwa. Tuliukuta umefungwa."

"Kwa hiyo waasi wako, sajini, walipotoka na wazee kumi na saba mgongoni, walirudi kufunga mlango."

Sajini hakucheka. Faustino alivua viatu, akashuka shimoni. Alikaa humo muda mrefu kuliko nilivyoweza kuvumilia. Aliagiza kamba, akaipima. Akachukua dira ndogo mfukoni, akailaza juu ya udongo.

"Mamudo, shuka. Nieleze ninachokiona."

Nilishuka. Ubavuni mwa shimo, upande wa kaskazini, palichongwa mwanandani, ule mfuko wa udongo ambamo maiti hulazwa. Viunza, vipande vya mbao vinavyoufunika, vilikuwa vimekatwa kwenye mlango wa zamani. Issufo alilala kwa ubavu wa kulia, kichwa mashariki, uso kibla. Sanda yake ilikuwa nyeupe, imefungwa sehemu tatu. Nilimweleza hayo yote.

"Mwanandani huu umepinda," alisema. "Upande wa kichwa una kina cha shubiri. Upande wa miguu, mkono mzima. Kwa nini?"

Nilitazama, nikaona. "Shimo halikuelekezwa vizuri, senhor agente. Limefuata mstari wa mhandisi, sambamba na ufukwe. Aliyemlaza amelisahihisha kwa kuchonga zaidi upande mmoja, ili uso uelekee Maka sawasawa."

"Kazi ya muda gani?"

"Saa nzima. Labda zaidi."

"Peke yake, kunapambazuka, hatua sitini kutoka kwa askari wenye bunduki." Alijipangusa mikono. "Nimewaona wauaji wengi. Sijamwona aliyepoteza saa nzima kwa ajili ya nyuzi chache za dira."

Mganga wa zahanati ya Palma alikwisha kuandika kwamba mwilini hamkuwa na jeraha, ila mguu wa kushoto uliovimba kwa maradhi ya siku nyingi. Faustino aliamuru Issufo afunikwe tena, na Buanali aletwe chini ya ulinzi ili afanye kazi hiyo kwa mikono yake. Sajini alipinga. Faustino aliandika jina la sajini katika daftari, polepole, akiuliza herufi, upinzani ukaisha.

Yale mashimo mengine kumi na saba tulikuta yamefukiwa. Si kwa majembe. Udongo ulikuwa na alama za vidole.

Chini ya mnazi Faustino alitoa kijitabu cha kampuni iliyopewa ardhi ile. Kilikuwa na picha za rangi: nyumba sitini nyeupe, kanisa dogo, wazungu wenye mvi wakitembea juu ya majani mafupi. Maafisa na watumishi wa serikali, wakishamaliza utumishi wao, wangekuja kukaa hapo mbele ya bahari. Kijitabu kiligawanywa sehemu mbili. Ya kwanza iliitwa Historia, nayo ilikuwa na mistari minne: ardhi hii ilikuwa tupu. Ya pili iliitwa Mustakabali, kurasa arobaini.

"Orodha ya wazee ilikuwa ya nini?" aliuliza.

"Ya mashahidi wa historia. Wangeitwa kutia dole gumba kwamba ardhi ilikuwa tupu."

"Ilikuwa tupu?"

"Mimi nimezaliwa pale, senhor agente, palipochorwa kanisa."

Alinitazama juu ya miwani, akafunga kijitabu. "Watu walielezwa mpango huu?"

"Walielezwa. Administrador alizungumza Alhamisi, nami nilitafsiri."

"Waliuliza nini?"

"Hawakuuliza kitu."

"Watu mia nne, ardhi yao inatolewa, na hakuna swali hata moja?"

"Hata moja."

Aliniuliza kijiji hicho kinaitwaje kwa Kiswahili, akaliandika jina katika daftari. Daftari lake lilikuwa na mstari katikati ya kila ukurasa. Kushoto aliandika maneno ya Kiswahili kama sikio lake lilivyoyapokea. Kulia, tafsiri yangu. Nililiona jambo hilo kuwa la kitoto.

*

Mjane wa Issufo, Bi Saquina, alikuwa ameingia edani, kwa hiyo alizungumza nasi akiwa nyuma ya pazia. Mlangoni aliketi Zainabo, binti mkubwa wa marehemu, akichambua mchele ambao ulikwisha kuchambuliwa.

"Hodi," nilisema.

"Karibu, bwana wa kuhesabu. Leo umekuja kumhesabu nani?"

"Tumekuja kwa pole, dada Zainabo. Na kwa maswali."

"Pole iache nje, ina matope. Maswali yaingie."

Kwanza alitutembeza katika nyumba zilizohamwa. Faustino aliingia kila moja, akihesabu kwa kidole: sufuria zipo, chumvi ipo, majembe yapo, kuku wapo. Katika nyumba ya mama mdogo Ancha niliona kile kikombe juu ya kigoda. Nilidhani macho yangu yanalowa kwa sababu ametekwa.

"Nimeona vilivyobaki," Faustino alisema. "Muulize ni nini kisichokuwapo."

Zainabo alifunua sanduku la mama mdogo. Ilitoka harufu ya karafuu maiti, na hapakuwa na kitu.

"Ni sanda," nilimweleza Faustino. "Mzee wa huku huinunua mapema, akaitunza sandukuni."

"Fungua masanduku yote."

Tulifungua kumi na saba. Katika kila sanduku palikuwa na harufu ile, na hapakuwa na kitambaa.

"Mtu aliyetekwa haruhusiwi kuchagua," Faustino alisema. "Hawa walichagua. Waliacha chumvi, wakabeba sanda. Walikuwa wanakimbia, lakini si kifo. Kifo walikibeba pamoja nao. Walikimbia nini?"

Tulirudi kwa mjane. Sauti yake ilitoka nyuma ya pazia, kavu, bila haraka.

"Mwambie bwana huyo mume wangu hakuuawa na mtu. Buanali alimbeba mgongoni hadi nje ya waya, akamsikia anashusha pumzi, basi. Amepumzika mwenyewe, kabla hajapumzishwa."

Nilitafsiri: amekufa mwenyewe, kabla hajauawa.

Penseli ya Faustino ilisimama. "Rudia neno hilo."

"Lipi?"

"Alilolitaja mara mbili."

"Amepumzika. Hajapumzishwa."

Aliliandika kushoto, herufi zake zote zimekwenda upande, kisha akaandika tafsiri yangu kulia. "Ni neno la kufa?"

"Ni la adabu. Mbele ya mjane hatutaji kufa."

"Kupumzishwa na nani? Muulize."

Nilimwuliza. Zainabo alicheka kicheko kisichofika machoni.

"Anatuuliza sisi! Haya, nami nikuulize, wewe msomi. Hesabu ya serikali hukosea? Maana orodha ilikuwa ya watu kumi na saba, na mashimo kumi na nane. Siku tatu watu wamekaa wanamtafuta wa kumi na nane. Mama huyu akimtazama yule. Jirani akimuuliza jirani umri. Mpaka baba akasema, tulieni, langu hilo. Mguu wangu haukufika kwenye kuandikwa, lakini shimo linanijua."

Nilitafsiri. Kisha, kwa hiari yangu, nikaongeza kwamba wazee wa pwani hupenda mizaha juu ya mauti. Faustino aliandika maneno ya Zainabo kushoto. Ya kwangu hakuyaandika.

"Mrudishieni udongo wake," Bi Saquina alisema nyuma ya pazia. "Sina ombi jingine."

"Amerudishiwa, shangazi," nilisema. "Na Buanali mwenyewe."

"Basi bado yu hai," alisema.

*

Jumatano tulimhoji Buanali katika ghala la posta, kituo cha utawala cha Palma. Alikuwa mtu wa miaka hamsini hivi, mabega mapana, mdomo umepasuka upande mmoja kwa kazi ya sajini. Kabla hatujaketi aliuliza yeye.

"Leo siku gani?"

"Hapa tunauliza sisi," sajini alisema.

"Mwambie ni Jumatano," Faustino alisema.

Buanali alitikisa kichwa, kama mtu aliyeinua kifuniko cha chungu akakuta chakula hakijaiva.

"Nani alichonga mwanandani?"

Alinigeukia mimi. "Mamudo, baba yako nilimlaza mimi. Ulisimama ukingoni unaangalia, machozi yanakudondoka kwenye viatu vya misheni. Hujui mkono wangu?"

Nilitafsiri yote, pamoja na viatu.

"Issufo alikufaje?"

"Nilimbeba. Hatua sitini hazikumalizika."

"Kwa nini ulimweka katika shimo la mhandisi?"

"Nilikuwa peke yangu, na kunakucha. Lilikuwa limeshachimbwa."

"Wewe ulikuwa miongoni mwa waliolichimba?"

"Yote kumi na nane niliyachimba na wenzangu kumi. Msimamizi alitupa kijiti cha kupimia. Urefu mita mbili, upana sentimita themanini, kina cha kifua. Mimi nimechimba makaburi tangu sijaota ndevu. Sikuhitaji kijiti." Alifuta damu mdomoni. "Nilimuuliza msimamizi, haya ya nini? Akacheka. Akasema, ya mchezo."

Faustino alininong'oneza kwamba alikwisha kumuuliza mhandisi. Mashimo yalikuwa ya kupima udongo na maji ya chini, ili majani yatakayopandwa yasioze. Yalifanywa marefu ili mtu apate kusimama ndani na kufanya kazi. Baadaye yangefukiwa.

"Kwa nini wewe hukuondoka na wazee?"

"Nani angemzika Issufo?"

"Walikwenda wapi?"

"Leo siku gani?"

"Umeshaambiwa. Jumatano."

"Basi niulizeni kesho, baada ya adhuhuri."

"Kesho kutwa inakuja ndege," Faustino alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa na haraka. "Ijumaa sitakuwa na uwezo nawe. Niambie jambo moja tu. Kwa nini waliondoka?"

Buanali alinitazama tena. Hakukuwa na chuki katika macho yale. Ingekuwapo, ningejua la kufanya.

"Hilo anajua mkalimani. Yeye ndiye aliyetuhesabia mashimo."

Nililitafsiri neno kwa neno, nikijiona nimetukanwa bure. Faustino hakuniangalia kabisa. Alikuwa anarudisha nyuma kurasa za daftari lake.

*

Alhamisi asubuhi aliniita ofisini. Mezani palikuwa na karatasi ya Administrador, ile iliyosomwa Mnengele, na karatasi nyingine tupu.

"Alisema hivi," Faustino alianza, akasoma: "*Uma aldeia de repouso para reformados, com um campo de golfe de dezoito buracos.* Ukatafsiri vipi? Nataka maneno yale yale."

Nilikuwa na kumbukumbu nzuri, nayo ilikuwa sehemu ya majivuno yangu. Niliyaandika kwa mwandiko safi.

"Sasa nenda ukasimame pale dirishani, na usiseme kitu."

Alimwita Joaquina, mpishi wa posta, Mmakonde wa bara, Mkristo, aliyejifunza Kireno kwa masista na Kiswahili sokoni Palma. Aliingia akifuta mikono kwa kanga. Hakuwapo Mnengele siku ile, wala hakujua kilichokuwa kikitafutwa.

"Joaquina, nitakusomea maneno ya Kiswahili. Nitayasoma vibaya, unisamehe. Nirudishie kwa Kireno, kama unavyosikia wewe."

"Ukisoma vibaya nitacheka, senhor."

"Cheka."

Akasoma, akijikwaa kila silabi: "Serikali itajenga hapa kijiji cha mapumziko, kwa wazee waliokwisha kazi. Kando ya ghuba yatachimbwa mashimo kumi na nane."

Joaquina hakucheka. Mkono wenye kanga ulisimama tumboni.

"Tena," alisema.

Akasoma tena.

"Ni amri ya nani hii?"

"Nirudishie tu."

Akamrudishia kwa Kireno, sauti imeshuka kama kanisani: Serikali itafanya hapa mahali pa wafu, kwa wazee wasio na kazi tena. Karibu na bahari watachimba mitaro kumi na minane. Kisha akapiga ishara ya msalaba, akaniona dirishani, akauliza, "Baba Mamudo, wamekwisha kuwazika?"

Niliketi. Hapakuwa na kiti mahali nilipoketi.

Faustino alimshukuru Joaquina, akamtoa nje, akafunga mlango mwenyewe. Hakuniinua. Alichuchumaa mbele yangu na daftari lake.

"Hapa, Jumanne," alisema, akinionesha upande wa kushoto. "Mjane alisema neno, nawe ukanipa *kufa*. Na hapa, siku hiyo hiyo, nilipokuuliza kijiji kinaitwaje, ulinipa neno lile lile kwa maana ya *repouso*, kustarehe. Sijui lugha yako, Mamudo. Nina masikio tu. Nilisikia neno moja likiingia kwa mlango wa harusi na kwa mlango wa msiba."

"Na *reformados*," nilisema. Sauti haikuwa yangu. "Sikuwa na neno. Nikasema wazee waliokwisha kazi. Nilimaanisha waliomaliza utumishi."

"Nao walisikia wazee wao. Wazee wasiofaa tena. Ambao wewe mwenyewe, wiki hiyo hiyo, ulikuwa umewaandika majina." Alisubiri. "Na *golfe*? Katika Kiswahili chako mchezo haumo kabisa."

Hapo ndipo aibu iliponipata, maana hofu ilikwisha kunipata. "Nilidhani amekosea kutamka. Nilidhani anataka kusema *golfo*, ghuba. Nikamsahihisha."

Faustino alivua miwani. "Ni mchezo wa mpira mdogo. Unapigwa kwa fimbo hadi uingie shimoni."

"Shimo lenyewe lina ukubwa gani?"

Alifikiri, akatafuta mezani, akanionesha kwa kidole kikombe chake cha kahawa.

Ndipo nilipokiona kile kingine. Nilikiona kikishuka kutoka katika mikono miwili hadi kwenye kigoda. Mama mdogo hakuzaliwa Mnengele. Alizaliwa Awasse, akaletwa na ndoa. Hakustahili kuwamo katika orodha. Nilimwingiza kwa upendeleo, nikidhani mashahidi watapewa kipande cha nguo, na nilikwenda nyumbani kwake makusudi, nikanywa chai yake, ili nimpe habari hiyo mimi mwenyewe mara tu baada ya mkutano wa alasiri. Umo, mama. Wewe ni wa tatu.

*

Baada ya adhuhuri tulikwenda ghalani, Faustino na mimi tu.

"Leo Alhamisi," nilimwambia Buanali kabla hajauliza. "Adhuhuri imekwisha kuadhiniwa."

Alifumba macho. Midomo yake ilitembea. Alikuwa anahesabu hatua za watu wengine.

"Siku tatu na nusu," alisema. "Mzee hutembea polepole, lakini hutembea. Wamefika Namoto jana. Leo wamevuka Ruvuma, wako Tanganyika. Sasa uliza."

Niliuliza, naye alijibu yote, kwa utaratibu, nami nikatafsiri: mafundo ya waya yaliyofunguliwa askari walipobadilishana zamu, mashimo yaliyofukiwa kwa mikono ili majembe yasisikike, kila mmoja na sanda yake kifuani, maana walisema heri mtu azikwe njiani akiwa amevikwa kuliko nyumbani akiwa uchi. Hapakuwa na waasi. Hapakuwa na mauaji.

Kisha nikamweleza habari ya mapumziko, ya ghuba, na ya kikombe. Alisikiliza hadi mwisho. Nilitarajia anitemee mate.

"Mchezo," alisema. "Basi msimamizi hakudanganya." Akajipangusa mdomo. "Usimwambie Saquina leo. Mwache amalize eda."

"Mama mdogo Ancha," nilisema. "Alisema nini juu yangu?"

Buanali alimtazama Faustino, akanitazama mimi. "Unataka niseme mbele yake?"

"Sema."

"Watu walikuwa wanabishana. Wengine walisema labda hatukuelewa, tungoje. Mama yako akasimama. Akasema: mwanangu yumo ndani ya serikali, na mwanangu hakunificha. Alikuja mwenyewe, akanipa namba yangu, akatabasamu ili askari wasijue. Ametupa nafasi ya kukimbia, tusiipoteze." Alishusha pumzi. "Ndipo wakakubali. Alikuombea dua hadi kwenye waya."

Faustino alikuwa amesubiri, penseli juu ya mstari wa kulia. Nilielewa nilichokuwa nimeshika. Kwa maneno yale, mtumishi wa utawala alikuwa amewatorosha watu wakati wa vita. Na bila maneno yale, hapakuwa na sababu ya wazee kuamini kiasi cha kukimbia, na maelezo ya Buanali yangebaki nusu, na ndege ilikuwa inakuja. Zaidi ya hayo, sikuwa mtu wa kuongeza tena wala kupunguza.

Nilitafsiri yote. Pamoja na dua.

Faustino aliandika hadi nukta ya mwisho. "Utatia sahihi?"

"Nitatia."

"Nitaandika kwamba alikosea kukuelewa. Ndiyo kweli. Lakini sijui watakaosoma watachagua nini."

"Andika ilivyosemwa, senhor agente."

Ijumaa ndege ilitua saa tatu na robo. Ofisa mmoja alishuka, akasoma ripoti amesimama kivulini mwa bawa, akauliza mara mbili maana ya neno moja, akacheka kwa nguvu, akaondoka bila Buanali. Buanali alipewa miezi minne ya kutengeneza barabara kwa kosa la kufungua waya. Mimi nilirudisha baiskeli na ufunguo wa ofisi Jumatatu. Nyumba sitini hazikujengwa, na shimo la kumi na nane limebaki kaburi la Issufo. Tangu siku ile sijatafsiri neno la mtu kwa watu bila kwanza kumwomba mmoja wao anirudishie alichosikia.